Mshenga Aliyenifundisha Kupiga Gofu

Nikipita sokoni siku hizi, mama wa ndizi ananipigia kelele: "Émile, ule ng'ombe alifufuka?" Hakufufuka, mama. Ng'ombe wa mahari niliyemtoa Masisi alianguka Sake katikati ya barabara, akalala, hakuamka. Nimekwisha kuwaeleza, wasomaji wangu, namna nilivyokaa kando yake nikalia mpaka madereva wakapiga honi.

Na mnakumbuka ni nani aliyekuja kunifuta machozi. Sibomana, karani wa posta, rafiki yangu tangu shule ya misheni, na mshenga wangu. Baba yangu mzee Sebahire amekufa, baba mdogo yuko Rutshuru na miguu haimbebi tena. Ningemtuma nani Kibati kwa Muzee Ntirenganya, kuniombea binti yake Béata? Nikamtuma Sibomana.

"Kijana asiyeoa, asiye na bibi, unamfanya mshenga?" Ndivyo mnavyonizomea. Zomeeni tu, nimezoea. Ningekuwa na akili mliyo nayo leo, nisingekuwa na kitu cha kuwasimulia.

Mimi nilidhani msiba ni ule wa ng'ombe. Lo! Ng'ombe alikuwa ananifungulia mlango tu.

Sibomana alikwenda Kibati kueleza habari ya yule mfu, akarudi anacheka.

"Émile, furahi! Muzee hakukasirika. Anasema ng'ombe ni kitu ya kufa, utaleta mwingine pole pole. Lakini anataka kukuona wewe mwenyewe, siku ya Mungu, misa ikiisha. Upige gofu mbele yake."

"Gofu?"

"Gofu, ndugu yangu. Ukipiga muzuri anakupa Béata palepale. Ukipiga vibaya, anasema atatafuta mutu mwingine."

Asiyemjua Muzee Ntirenganya atasema huu ni uongo wa gazeti. Anayemjua hata hashtuki. Muzee aliachiwa mfuko wa fimbo na mzungu mmoja wa mashamba ya pareto aliyerudi kwao mgonjwa, na tangu siku ile hakupona yeye. Malisho yake yote ya Kibati ameyageuza uwanja. Mashimo ni mikebe ya margarini iliyozikwa ardhini, na ng'ombe wanakula majani kati ya mkebe na mkebe kama watazamaji.

Kila siku ya Mungu wapenzi wa gofu wanapanda kule: makarani, madereva, na Useni muuza vikwembe, vitenge vya akina mama, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni. Wanabishana kuliko makatekista. Huyu anasema mguu wa kushoto usiondoke. Yule anasema nguvu iko kiunoni, mkono ni mjumbe tu. Mara moja nilimwona Muzee mwenyewe katika mstari wa ungamo, amegeuza bakora yake, anapiga hewa taratibu, midomo inatembea. Watu wa nyuma yake wakarudi hatua, kila mtu akilinda uso wake.

Na Muzee ana imani yake nyingine. Anasema mtu ukimpa fimbo ya gofu huna haja ya kumwuliza habari zake. Anayeharakisha mkono ataharakisha na bibi. Anayeinua kichwa kabla ya kupiga anataka sifa kabla ya kazi. "Lakini mutu mwenye kupiga na kuacha fimbo iende yenyewe mpaka mwisho," anasema, "huyo umupe hata mutoto wako." Mabinti zake wakubwa aliwaoza hivyo, na sijasikia hata mmoja aliyerudi nyumbani.

Basi Sibomana akasema, "Nitakufundisha." Akaazima fimbo moja na vipira vya zamani, tukawa tunakwenda Lac Vert baada ya kazi, mahali pa majani mafupi ambapo hakuna mtu.

Siku ya kwanza akaweka kipira chini. "Piga tu, nikuone."

Nikapiga. Sikufikiri. Mikono ikanyooka, kiuno kikazunguka, fimbo ikapita chini karibu na ardhi, ikaendelea mpaka ikanifika bega la pili. Kipira kiliondoka bila kelele. Tulikitafuta mbali sana, mbele ya mahali tulipodhani.

Sibomana alikiokota, akakigeuzageuza kiganjani. Mimi mjinga nikafikiri anasikitika.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu. Nilikuwa nafyeka na baba."

Nilikuwa nimesema kweli. Marehemu baba alikuwa mtu wa kazi ya barabara. Alikuwa na kupekupe, kile chuma kirefu kilichopinda mwishoni, cha kukatia majani, na mimi nilikwenda naye tangu sijajua kusoma. Ukifyeka kutwa nzima huwezi kutumia nguvu, mgongo utakufa kabla ya saa sita. Unageuka tu, chuma kinapita, wala hakisimami penye majani. Gofu ni hiyohiyo. Kipira ni jani lililokaa njiani.

Sibomana akacheka, akajipiga paja.

"Njo vile, ndiyo hivyo! Mi nasema mbona naona kitu! Émile, unapiga kama mufungwa."

Nyinyi wa Goma mnajua. Majani ya mbele ya ofisi nani anayafyeka? Wafungwa, na askari nyuma yao. Na mimi ni karani wa depo ya kahawa, navaa viatu, nina kalamu mfukoni. Neno lile liliniingia. Niligeuka kutazama nyuma kama kuna mtu ameniona.

"Muzee Ntirenganya ni mutu mukubwa," akasema Sibomana. "Nyumba ya mabati, ng'ombe wengi. Unataka batu baseme mukwe wake ni wa kupekupe? Acha hiyo, ndugu yangu. Nitakupa ya bazungu."

Akanipa ya wazungu. Inua fimbo sawasawa juu, kama unatwanga. Simama pale juu, vuta pumzi. Kiwiko kigandame kwenye mbavu. Kiuno kisitikisike, kiuno ni cha wanawake. Halafu shusha kwa nguvu zote, na kipira kikiguswa simamisha fimbo palepale.

Nilishusha. Udongo uliruka mpaka mdomoni mwangu. Kipira kilibaki kinanitazama.

"Muzuri!" akasema Sibomana. "Inakuja."

Haikuja siku ile wala siku iliyofuata. Viganja viliota malengelenge, mbavu zikaniuma, ofisini nilishindwa kushika kalamu. Na jamaa yangu alikuwa ananipangusa jasho na leso yake mwenyewe. "Vumilia, Émile. Juu ya Béata."

Juu ya Béata ningekula mawe ya volkano.

Siku moja Useni alipita akiwa na baiskeli yake, marobota ya nguo nyuma, anakwenda soko la Sake. Akasimama, akatazama, akateremka.

"We Émile, uko naua nyoka?"

"Napiga gofu, papa."

"Gofu? Juzi nilikuona hapa hapa, nikasimamisha kinga, baiskeli hii. Kipira kilienda mpaka nikakipigia saluti! Leo nani alikuroga?"

Sibomana akaja mbio. "Papa Useni, wende sokoni, nguo zinakungoja."

Useni alinitazama mimi, akamtazama yeye, akapanda baiskeli. Alipokwisha kwenda, Sibomana akaninong'oneza: "Umemuona? Anaogopa utamushinda kule Kibati. Roho ya mutu ni pori." Nami nikatikisa kichwa nikaona kweli, Useni ana roho mbaya. Useni! Mtu aliyeniuzia kikwembe cha maua mekundu kwa bei ya ndugu, akakikunja vizuri mwenyewe aliposikia ni cha mchumba.

Kikwembe hicho nilimkabidhi nani apeleke? Msiniulize.

Siku ya Mungu ikafika. Nilipiga pasi suruali mara mbili, nikapaka viatu rangi, tukapanda Kibati, mshenga mbele na mimi nyuma.

Sasa kuna jambo moja ambalo watu wa mbali hawalijui. Kwetu, kijana anayeposa hafungui mdomo mbele ya baba wa msichana. Haijalishi umekuja na hoja gani. Anayeulizwa ni mshenga, anayejibu ni mshenga. Wewe ukisema hata neno, umejioza mwenyewe, na mzee anaweza kukufukuza kama mtu asiye na wakubwa. Kwa hiyo niliingia uani kwa Muzee Ntirenganya nimefunga kinywa, na kinywa changu chote kilikuwa katika kinywa cha Sibomana.

Muzee alikuwa amevaa buti za mpira na koti la sherehe. Mama Nyiramahirwe, mama wa Béata, akatukalisha, maana maziwa hayanywewi umesimama. Béata mwenyewe akayaleta.

Alikuwa amevaa kile kikwembe cha maua mekundu. Nilipokea maziwa macho yangu yakiwa kwenye maua yale.

Akapiga goti kidogo, akamtazama Sibomana. "Asante sana ya kikwembe."

"Si kitu, Béata," akasema Sibomana, na sauti yake ilikuwa laini.

Nikajisemea: ndiyo heshima hiyo, msichana mwenye adabu anamshukuru mshenga, shukrani itanifikia kwa njia yake. Nikafurahi! Nikanywa maziwa yangu yote.

Tukatoka kwenda malishoni, mbele ya nyumba. Useni alikuwako na wengine wawili watatu, wamekaa kwenye ukingo wa mawe. Muzee mwenyewe akaweka kipira juu ya kichuguu kidogo cha udongo, akarudi nyuma, akavua kofia. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kumwona mgeni aliyempenda zamani. Uso ule sikuuelewa.

"Mushenga, mwambie apige."

"Piga, Émile," akasema Sibomana. Na kwa sauti ya chini: "Juu kabisa. Usisahau kiwiko."

Nikainua fimbo kama mchi. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikashusha.

Donge la majani liliruka, likamwangukia Useni kwenye kofia. Kipira hakikuwa na habari.

"Tena," akasema Muzee.

Mara ya pili nilipiga hewa, nikazunguka mzima, nikakaribia kukaa chini. Mara ya tatu nilikipata kwa ncha. Kilikwenda upande, kikampiga ng'ombe wa Muzee, yule mweusi anayependwa, kwenye pembe. Ng'ombe akalia, wengine wakatimka, wachungaji wakakimbia.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniua. Muzee alirudisha kofia kichwani polepole sana.

"Sibomana," akasema. "Neno yangu ulimufikishia?"

Nikamtazama Sibomana. Neno gani?

"Nilimufikishia, papa."

"Yote?"

"Yote."

Muzee akawageukia wale wa kwenye mawe, kama mtu anayetaka mashahidi. "Mimi na Sebahire, baba ya huyu, tulifyeka barabara ya Rutshuru pamoja. Yeye mbele, mimi nyuma, kupekupe yake mbele ya macho yangu kila siku. Mimi nilikuwa sijui kazi, nilikuwa nalia na mgongo. Ni yeye alinionyesha namna ya kuzunguka. Siku mzungu alinipa fimbo hii mara ya kwanza, nilipiga, akasema, nani alikufundisha? Nikamwambia, Sebahire."

Akakohoa.

"Nilimwambia mushenga: mutoto aje apige kama baba yake. Mbele sijakufa nataka kuona ule mukono tena. Hiyo tu. Hata akikosa shimo, binti nitamupa."

Wasomaji wangu, mmewahi kusimama juani na kusikia baridi? Mimi siku ile nilisikia. Neno hilo lilitoka Kibati likiwa kinywani mwa rafiki yangu, na kabla ya kunifikia akalimeza. Akanivua mkono wa baba yangu, akanivika wa kichekesho.

"Na yeye alijibu nini?" akauliza Muzee.

Sibomana akainamisha kichwa. "Papa, usinisemeshe. Ni rafiki yangu."

"Sema."

"Alisema yeye ni karani. Alisema kufyeka ni kazi ya bafungwa. Hataki batu bamuite mukwe wa kupekupe."

Maneno yake! Yake mwenyewe, niliyoyasikia kwa masikio yangu, sasa anayatoa kama yangu. Nilisikia kinywa kinafunguka. Mama Nyiramahirwe akanitazama kwa jicho moja tu, nikakifunga. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe nilikuwa nimeikabidhi.

"Muzee," akaanza Useni, "mimi nilipita Lac Vert, niliona..."

"Nyamaza, Useni. Hii ni mambo ya wazazi."

Sibomana akachukua fimbo mkononi mwangu, kwa upole, kama unavyompokea mgonjwa mzigo. "Papa asirudi nyumbani na uchungu. Mimi si mutoto wa Sebahire, lakini nilijaribu kujifunza."

Akaweka kipira. Mikono ikanyooka. Kiuno kikazunguka. Fimbo ikapita chini, ikaendelea mpaka bega la pili.

Alikuwa ameniiba mzima. Jioni zile zote, mimi nikiisha kutwanga udongo na kwenda kulala, yeye alikuwa anarudi peke yake kufanya niliyoyaacha. Haikuwa sawasawa, mabega yalikaza kidogo, lakini kipira kilikwenda vizuri, na Muzee akafumba macho akapiga makofi.

Mlangoni Béata alitabasamu. Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kile kikwembe. Hapo ndipo nilipoelewa asante ile ilikuwa ya nani. Kikwembe changu kilifika kwake kikiwa na jina la Sibomana.

"Wewe Sibomana," akasema Muzee, anatazama kule kipira kilikokwenda, "uko na bibi?"

"Bado, papa."

Muzee akakuna kidevu.

Nikasema moyoni: desturi imenifunga mdomo, mikono haikuifunga. Nikainama nikavua viatu. Nikavua na soksi. Nikakunja suruali ile ya pasi mpaka magotini, mbele ya mama mkwe, mbele ya Béata, mbele ya makarani wenzangu. Nikaenda kwa Sibomana nikanyoosha mkono. Alisita. Watu wanatazama. Akanipa fimbo.

Sikuweka kichuguu. Niliweka kipira majanini penyewe. Nyayo zilisikia ardhi, na ghafla nilikuwa nyuma ya baba, asubuhi, majani yana umande, na yeye anasema bila kugeuka: usiyapige, yapitie.

Nikayapitia.

Sikuinua kichwa. Fimbo ikanifika bega la pili. Halafu nikasikia Useni: "Allah! Njo ile! Njo ile niliona!" Na nilipotazama, kipira kilikuwa bado hewani, juu ya ng'ombe, juu ya ukingo wa mawe, kinashuka ng'ambo ambako hakuna mtu aliyewahi kukifikisha.

Muzee alikuwa ameweka kiganja kinywani. "Sebahire," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Sebahire kabisa."

Jamani, nilidhani yamekwisha! Nilisimama pale na miguu mitupu nikimtazama Sibomana, nangoja aanguke. Ukweli umeonekana juani, mwizi ataficha wapi uso?

Hakuuficha. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayezika.

"Umeona, papa? Anajua. Hakusahau hata kidogo. Alikuwa na mukono ya baba yake tangu asubuhi, na mbele yako alikatalia. Mara tatu alikunyima. Aliona mimi nimepiga na wewe umependa, njo akapiga. Kama si wivu, leo usingeuona."

Shetani mwenyewe angemwandikia barua ya pongezi. Ushahidi wangu, pigo langu bora kuliko yote niliyopiga maishani, amelichukua likiwa bado la moto na kunichapa nalo.

Niliuona uso wa Muzee unajifunga. Machozi yalikuwa bado mashavuni, lakini macho yalikuwa yamekauka.

"Desturi inasema mukwe asiseme," akasema. "Leo ninaifungua mimi, mwenye nyumba. Sitaki mushenga. Sitaki Useni. Émile, mutoto ya Sebahire, kuja hapa."

Nikaenda. Viatu nilikuwa nimeviokota, nimevishika mkononi kama mwizi.

"Nakuuliza neno moja, na ujibu neno moja. Ulimuonea baba yako haya, ndiyo ao hapana?"

Neno moja. Hakuniuliza nani alinifundisha kutwanga. Hakuniuliza kikwembe kilitoka wapi, wala ujumbe ulipotelea wapi. Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni, tayari, na hakuna hata moja aliloniomba.

Nikisema ndiyo, Sibomana amesema kweli, na Béata ameondoka. Nikisema hapana, ninamdanganya mtu aliyefyeka nyuma ya baba yangu, na marehemu ananisikia. Maana siku ile Lac Vert, Sibomana aliposema mufungwa, ni kichwa changu kilichogeuka kutazama kama kuna aliyeniona. Hakunishika shingo kunigeuza.

Sibomana alijua hilo. Aliniona nikigeuka. Tangu siku ile alikuwa amelihifadhi.

Béata akateremka kizingiti, akaja kusimama karibu na baba yake ili asikie vizuri. Alinitazama miguu, kisha uso. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama mimi.

"Papa," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. "Papa, ndiyo."